Maswali yenu: pumu, tangawizi na majani ya babu

Dokta, shikamoo. Nimesoma kwamba tangawizi inafungua kifua sawa na inhela. Mwanangu ana miaka tisa, naweza kumwachisha inhela? (Mama, Tanga)

Marahaba. Usimwachishe. Swali hili limeshaletwa kwa sura nne tangu mwaka uanze, kwa hiyo leo nalimaliza.

Ulichosoma hakikutungwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichukua vipande vya msuli wa njia ya hewa, vya binadamu na vya wanyama, wakavikaza kwa asetilikolini, kemikali ya mwili inayobana msuli, kisha wakavitilia viini vya tangawizi, yaani jinjeroli na shogaoli. Vikalegea. Ikaonekana pia kwamba dawa ya ukoo wa salbutamoli, ile ya inhela ya bluu, inalegeza zaidi ikisaidiwa na viini hivyo, maana vinazuia kimeng'enya kinachofuta ujumbe wa "legea" ndani ya seli.

Sasa tazama: kipande kile kiliogeshwa kwenye kiini chenyewe. Chai ya mwanao inapita tumboni, inapita kwenye ini, na hakuna aliyekupimia kinachofika kifuani. Halafu kuna jambo ambalo nalisema hapa kila mara: pumu ni uvimbe. Kuta za njia za hewa zimevimba, makamasi yamejaa, na msuli unabana juu ya hayo. Hata inhela ya bluu inalegeza msuli tu. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, unakataza watu wazima na vijana kutibiwa kwa salbutamoli peke yake; lazima iwepo dawa ya kuvuta ya kupunguza uvimbe, ambayo wengi mnaijua kama ile ya kahawia na wengi mnaiacha kabatini kwa sababu "haisaidii papo hapo".

Chai mpe, kwani kuna ubaya gani? Ila mbavu zikianza kuingia ndani akivuta pumzi, au akishindwa kumaliza sentensi, mpe inhela ya bluu na muwahi hospitali. Msichemshe kitu.

Kahawa je?

Inalegeza kidogo kwa saa chache, ndiyo maana ukienda kupima pumzi unaambiwa usiinywe kwanza. Si tiba.

Babu yetu alikuwa anavuta majani ya mranaha kifua kikibana, na aliishi miaka mingi. Kwa nini mnatunyima dawa za asili? (Msomaji, Lindi)

Hakuna aliyekunyima. Karne ya 19 sigara za mmea huo ziliuzwa madukani Ulaya na Marekani kwa ajili ya pumu. Zilifanya kazi kwa sababu mranaha una atropini, inayoziba masikio ya msuli usisikie asetilikolini. Wanakemia wakaibadilisha atropini hiyo, wakapata ipratropiamu, ambayo ukiivuta inabaki zaidi kwenye mapafu. Dawa ya babu yako imo hospitalini, imepimwa.

Jani halipimwi. Hili lina sumu kidogo, la mti wa pili lina nyingi. Nimemwona kijana aliyeletwa mboni zimepanuka, kinywa kikavu kama karatasi, anaokota hewani vitu visivyokuwepo. Halafu moshi! Mtu mwenye pumu anavuta moshi kutibu pumu. Na nyinyi wa udi na ubani chumbani kwa mtoto mwenye pumu, nawaona pia.

Kweli maigoya ni dawa ya pumu? (Murang'a)

Mmea wenu huu, ambao wengi waliokulia shambani waliyajua majani yake chooni kabla hawajalijua jina lake darasani, una forskolini. Inapatikana hasa kwenye mizizi, na inaamsha kimeng'enya kinachotengeneza ule ujumbe wa "legea" niliotaja juu. Imewahi kujaribiwa kama unga wa kuvuta, na njia za hewa zilipanuka. Lakini unga wa maabara na mzizi uliochemshwa kwenye sufuria ni vitu viwili. Forskolini inashusha pia presha, kwa hiyo mwenye vidonge vya presha asijaribu.

Mafuta ya habasoda kifuani?

Yanapaka ngozi.

Natumia aminofilini miaka sita, nanunua mwenyewe duka la dawa. Naambiwa inatokana na majani ya chai, kwa hiyo haina madhara? (Msomaji, Mwanza)

Theofilini, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya aminofilini, iligunduliwa kwenye chai mwaka 1888 na Albrecht Kossel, Mjerumani. Ya kwako imetoka kiwandani, na hata ingetoka shambani isingekuwa mpole zaidi. Kati ya kiasi kinachosaidia na kiasi kinachotapisha, kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege pana nafasi ndogo sana. Miaka sita bila kupimwa damu ni bahati. Siku ukiandikiwa antibiotiki za siprofloksasini au erithromaisini, mwambie daktari unameza aminofilini kabla hujalipia, kwa sababu hizo mbili zinaipandisha kwenye damu. Na muulize pia kwa nini hujapewa ile ya kahawia.