Natumia methadoni: je, sala yangu inasihi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Malindi. Nimetumia unga (heroini) miaka 11. Sasa ni miezi minane nakwenda kliniki kila siku kunywa methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, na nimerudi kusali. Ijumaa iliyopita ndugu mmoja aliniondoa safu ya mbele. Alisema methadoni ni unga wa serikali, sala yangu haikubaliwi siku 40, na toba yangu ni ya uongo mpaka niiache. Nimeazimia kuiacha kwa mkupuo Shaabani hii nifunge Ramadhani nikiwa safi. Je, ni sawa?

JAWABU: Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Nimelitanguliza swali lako kwa ajili ya jambo moja: usiiache dawa hiyo kwa mkupuo. Nimewazika vijana waliofanya hivyo. Arosto yenyewe, yaani maumivu ya kukosa unga, ni mateso, lakini kinachoua zaidi ni kurudi kwenye unga wakati mwili umeshapoteza mazoea, mtu akajidunga kipimo chake cha zamani.

Sala yako inasihi. Unasimama ukijua unachosoma na uko rakaa ya ngapi. Kinachozuia sala ni ulevi, na anayekunywa kipimo alichoandikiwa, mwili ukakizoea, halewi. Huondokewa na arosto, akaenda kazini.

Huyo ndugu amekusomea nusu ya hadithi. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mnywaji pombe haikubaliwi sala yake siku arubaini, kisha akasema: akitubu, Allah humkubalia toba yake. Nusu ya pili ameiweka wapi? Na wanazuoni wamefasiri kwamba anachokosa asiyetubu ni thawabu, lakini kusali bado ni wajibu kwake.

Wengine hutoa hoja kwamba Allah hakuweka ponyo letu katika haramu. Ni kweli, lakini Qur'ani yenyewe, katika Al-An'am aya ya 119, imewatoa waliolazimika. Na jambo hili halikuanza na kliniki za leo. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa Kishafii mwenye kitabu cha fiqhi cha Tuhfa, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea afyuni (kasumba) hata akiikosa huangamia. Akajibu kwamba hilo likijulikana kwa yakini, kwake ni halali, bali ni wajibu, kama mzoga kwa aliyelazimika. Na inampasa aipunguze kidogo kidogo. Hiyo ni afyuni yenyewe! Sembuse dawa inayopimwa na daktari na kunywewa mbele ya muuguzi? Anayeiita unga wa serikali na amjibu Ibn Hajar kwanza, kisha amuombe radhi aliyemwondoa safuni. Katika hadithi ya muuaji wa watu 99, mchamungu alimwambia hana toba, naye akamuua akatimiza mia. Mwanachuoni ndiye aliyemwambia mlango u wazi. Kumkatisha mtu tamaa na Mola wake si uchamungu.

Ila sharti lipo. Ukichanganya dawa na vidonge au pombe, au ukaificha mdomoni ukaiuze nje, jawabu hili halikuhusu, na unahatarisha roho.

Ama saumu: kuinywa mchana kunafunguza. Nenda sasa, kabla ya Shaabani, ukamwombe daktari akuhamishie saa ya dawa iwe baada ya magharibi; kipimo kimoja hutosha siku nzima. Isipowezekana, wewe ni mgonjwa: kunywa, ule, ulipe utakapoweza. Kupunguza nako kuwe kwa ratiba ya daktari, hata kukichukua miaka.

Sala za miaka 11 zinalipwa, na kwetu Mashafii hilo halina mjadala. Kila faradhi unayosali leo, sali na nyingine ya kadha (ya kulipa iliyopita), na usihesabu zilizobaki kila usiku ukajivunja moyo.

Lililo zito kwangu ni maskani, yaani kijiwe cha wanaotumia unga. Yule muuaji hakuambiwa atubu tu, aliambiwa ahame mji ule kwa kuwa watu wake ni waovu. Wewe huna pa kuhamia, lakini njia ya kwenda kliniki unaweza kuibadilisha. Tafuta mtu mmoja msikitini wa kukupitia alfajiri. Na kama wakati wa unga uliuza vitu vya mamako au vya jirani, nenda ukakiri na uwalipe, hata shilingi mia kwa wiki. Mamako anza naye leo, kabla ya isha.

Wallahu a'lam.