Kwa vijana wanaoanza kushika usukani: kusoma maboya na taa za bahari

Wadogo zangu mnaoingia kazini kwenye boti za Malindi ya Unguja, Mkoani na Wete, ninaloanza kuwaomba ni hili: alama ya bahari isomeni kwa umbo kabla ya rangi. Mkiingia Malindi asubuhi jua liko usoni, na boya jekundu na la kijani yote huonekana meusi. Umbo halipotei.

Sisi tumo katika Eneo A la mfumo wa kimataifa wa maboya uliokubaliwa mwaka 1980. Ukitoka bahari kuu kuingia bandarini, boya jekundu, lenye umbo la pipa, libaki kushoto kwako. La kijani, lenye kichwa kilichochongoka, libaki kulia. Ukitoka, mambo hugeuka. Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi siku hizi husomea kwenye simu, na video nyingi zimetengenezwa Marekani, ambako nyekundu hukaa kulia ukiingia. Anayejifunza hivyo bila kuambiwa tofauti ataipandisha boti juu ya mwamba huku akiamini yuko sawa.

Maboya yanayowasumbua wengi ni yale meusi na manjano, yanayokwambia upite upande gani wa hatari. Boya la kaskazini maana yake maji salama yako kaskazini ya boya hilo. Juu yake yote yana pembetatu mbili nyeusi. La kaskazini, ncha zote mbili zimeelekea juu. La kusini, zote chini. La mashariki, ya juu inatazama juu na ya chini inatazama chini. La magharibi, ncha zinakutana katikati. Rangi msizikariri peke yake, kwani ncha ndizo zinazoonyesha weusi ulipo. Ncha zikiwa juu, nyeusi iko juu. Zikikutana katikati, nyeusi iko katikati na njano juu na chini.

Usiku, maboya hayo yote hutoa taa nyeupe, na kinachoyatofautisha ni hesabu ya mimweko. Mashariki humweka mara 3, kusini mara 6 na kufuatiwa na mmweko mmoja mrefu, magharibi mara 9, na kaskazini humweka mfululizo bila kupumzika. Ili msisahau, tazameni tarakimu zilizoandikwa kwenye uso wa saa, si saa tunayoitaja kwa mdomo, maana penye 3 sisi husema saa tisa. Juu kaskazini, kulia 3, chini 6, kushoto 9. Hesabuni kwa sauti, watu wawili, mizunguko mitatu. Wimbi likiificha taa mara moja tu, tisa inakuwa nane. Ule mmweko mrefu wa kusini, usiopungua sekunde 2, umewekwa makusudi ili mwenye kukosea hesabu bado alijue boya.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Kwenye reli za zamani kulikuwa na nguzo zenye mkono wa chuma, mchana dereva akiusoma mkono, usiku akisoma taa. Mkono ukilala sawa, simama. Uliendeshwa kwa waya mrefu kutoka kwenye kibanda, na ulifungiwa uzito ili waya ukikatika, mkono urudi wenyewe kwenye simama. Hata hivyo uzito peke yake haukutosha siku zote. Januari 1876 huko Abbots Ripton, Uingereza, theluji iliikwamisha mikono ikiwa imeshushwa kwenye ruhusa, madereva wakaambiwa njia nyeupe ilhali kulikuwa na treni mbele, na watu wakafa. Baada ya hapo mikono ikaundwa upya. Baharini hakuna ufundi kama huo. Taa ya boya ikifa, boya halikwambii simama, linanyamaza tu, na mbele yako unaona giza linalofanana kabisa na maji salama.

Kwa hiyo hatari ikaeni nayo kichwani kabla ya kung'oa nanga. Fungueni chati, andikeni kila mwamba mtakaoupita na saa mtakayoufikia. Saa ikifika na taa haijaonekana, punguzeni mwendo hapo hapo. Hakikini kwa dira na kitu kisichoelea: mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe umesimama juu ya mwamba tangu 1904, boya limefungwa kwa mnyororo, na maji yakipwa mnyororo hulegea, boya likazunguka mbali zaidi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, kwa hiyo mwamba uliouona maji yakiwa yamekupwa waweza kuwa umefunikwa yakijaa. Tazameni na nyuma pia. Mkondo wa mwambao huelekea kaskazini, na kusi ikivuma huzidi nguvu. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, inaweza kulielekea boya barabara huku chombo chote kikisogezwa pembeni.

Vyombo vingine navyo vina alama zake. Tufe moja jeusi, ametia nanga. Matufe mawili, moja juu ya jingine, hawezi kukiongoza chombo. Bendera nyeupe na buluu, kuna wazamiaji chini. Piteni mbali, polepole.

Mkikuta boya limezimika au halipo mahali pake, andikeni saa, mahali na hali yake, muite bandari kwa redio, chaneli 16, mkiwa bado mnaliona. Msingoje mpaka mfike gatini, nyuma yenu kuna mashua nyingine inakuja.