Nanga, mnyororo na mzamiaji

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mimi ni kijana wa Likoni, mhudumu wa chumba cha kulia katika meli ya kitalii inayozunguka Karibiani. Tukifika Grand Cayman tunatia nanga nje ya mji wa George Town, na wazamiaji wa pale hutuangalia kwa jicho baya, wanasema tunaua matumbawe. Kweli nanga moja inaweza? Pia nimepata cheti cha kuzamia kwa mtungi wa hewa na natamani kuzamia kisiwa cha Cozumel, Meksiko, siku ya mapumziko. Meli ikinipitia juu nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nanga hutoboa shimo pale inapoangukia, lakini mwenye kuharibu zaidi ni mnyororo. Meli kama yenu haizuiliwi na kile chuma cha mbele peke yake, huzuiliwa pia na uzito wa mnyororo uliolala chini. Upepo ukigeuka meli nayo hugeuka, na mnyororo huburutika ukivunja kila kilichosimama. Desemba 2015 mzamiaji mmoja alipiga video hapo hapo George Town, mnyororo wa meli Zenith umelalia matumbawe. Wakubwa wakajibu kwamba meli ilikuwa ndani ya eneo lililoruhusiwa. Basi nahodha hakuvunja sheria, na matumbawe yamevunjika vilevile! Yale ya mabonge hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Bonge la kimo cha mita moja lina umri wa kumshinda babu yako.

Wako wanaosema dawa ni gati. Wananchi wa Cayman waliulizwa kwa kura Aprili 2025, wakakataa gati la meli za kitalii. Nawaunga mkono. Gati la meli kubwa hutaka kina, na kina hupatikana kwa kuchimba. Tope linalotimka hutua juu ya matumbawe likayanyima mwanga. Bora meli ishikiliwe mahali kwa mashine zake, bila nanga, na nyingi za kisasa zinaweza.

Wala usidhani ni majitu ya ghorofa kumi na tano tu. Machi 2017, Raja Ampat kule Indonesia, Caledonian Sky ilipanda mwamba maji yakiwa yamekupwa. Ni meli ya mita 90 tu, ndogo mno kwa hesabu za kwenu. Wakaivuta hivyo hivyo badala ya kungoja maji yajae, ikazidi kusaga. Wapimaji walihesabu zaidi ya mita za mraba 13,000 zilizoharibika, karibu viwanja viwili vya mpira.

Sasa wewe na mtungi wako. Ulifundishwa kusimama dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kuibuka. Tumbo la meli kubwa ya kitalii hufika mita 8 au 9 chini ya uso wa maji, kwa hiyo pale unapopumzika ndipo tumbo la meli linapopita, na rafadha, zile panga zinazoisukuma meli, ziko nyuma yake. Mashine za pembeni karibu na omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, nazo huvuta maji upande mmoja na kuyatema wa pili, hasa meli ikikaribia gati au kuondoka. Sikio halitakusaidia: majini sauti husafiri zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, utasikia ngurumo usijue inatoka wapi. Na aliye juu hakuoni. Kanuni za kimataifa zinakubali bahari ya mbele ya omo isionekane kutoka chumba cha usukani hadi mita 500.

Kwa hiyo ukisikia mashine nzito usikimbilie juu. Baki chini karibu na mwamba, mradi hewa inatosha, mpaka ipite. Kabla ya kuibuka rusha boya lako la rangi, na usizame bila chombo juu chenye bendera ya wazamiaji, nyeupe na buluu.

Cozumel nenda, ila jua kwamba mkondo wa upande wa magharibi mara nyingi huelekea kaskazini, yaani kutoka miamba ya Palancar kuja kwenye magati. Mwamba wa Paraíso uko jirani kabisa na gati la meli. Mwulize kiongozi wako meli zipi zinaingia siku hiyo na saa ngapi zinang'oa. Akikujibu kwa kukisia, tafuta mwingine.