Maswali na Majibu: Mteja kagoma kulipa nyongeza, invoisi ya kochi inaandikwaje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni fundi sofa, huu mwaka wa tatu nafanya mwenyewe, na shida yangu siyo kazi, ni invoisi. Juzi nimemaliza kochi la watu watatu, bei tulipatana kwa mdomo. Nilipovua kitambaa nikakuta mbao ya mbele imeoza nikaibadilisha, halafu kile kitambaa cha maua alichochagua kikala mita nyingi kuliko nilivyodhani. Nikamwandikia invoisi ya mstari mmoja, "kutengeneza kochi", na jumla ikazidi tuliyoongea kwa kama robo hivi. Kalipa ile ya mwanzo tu, nyongeza kagoma, na kochi keshachukua. Nimekosea wapi, na invoisi ya kazi zetu inaandikwaje? Na ile advansi inakaa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole, hiyo ada karibu kila fundi sofa ameshailipa, mimi nimeilipa zaidi ya mara moja. Nianze na pale ulipokosea maana siyo kwenye invoisi yenyewe, umekosea siku nyingi kabla ya invoisi. Invoisi haitakiwi kumpa mteja habari mpya hata moja. Kila kilichomo awe ameshakisikia, amekikubali, na ikiwezekana amekijibu kwa maandishi, sasa yeye wa kwako kasoma kwenye karatasi moja kwamba bei imepanda na hajui kwa nini, mstari wenyewe unasema "kutengeneza kochi". Hata mimi ningegoma.

Kazi zetu zina ugonjwa wake ambao mshona nguo hana. Sisi tunapanga bei ya kitu ambacho hatujakiona ndani. Unaletewa kiti, unakibonyeza, unakitikisa, unakigeuza chini juu, basi, huo ndo uchunguzi wote. Kiti kimoja cha kuegemea niliwahi kukivua nikakuta vitambaa vitatu kimoja juu ya kingine, kila fundi aliyepita alifunika tu cha mwenzake, na ubao wa chini pale pini zinapoingia umetobolewa mara nyingi mpaka umekuwa kama chekecheo, na upande mmoja umebunguliwa, ukiukwangua kwa bisibisi unatoka unga. Pini mpya hapo haishiki. Nikabadilisha ubao kwa roho safi kabisa, nikaongeza kwenye invoisi, mteja akaniuliza swali moja tu, "kwani nilikuambia uubadilishe?" Sikuwa na jibu. Nilikula hasara, na tangu siku hiyo nimebadilisha utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kabla hujagusa kitu unampa mteja kotesheni, yaani karatasi ya bei kabla ya kazi (wengine mnaita profoma, sawa tu), na ndani yake unatenganisha vitu viwili, kazi unayoiona na kazi usiyoiona. Inayoonekana unaipa bei kamili. Isiyoonekana unaandika sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida, mfano "Bei hii haihusu fremu, springi na mikanda, hali yake itajulikana baada ya kuvua kitambaa, na hakuna kitakachobadilishwa bila ridhaa yako." Hayo maneno ya mwisho ndo yanawatuliza, maana mteja anachoogopa siyo kulipa, anaogopa kushtukizwa. Halafu ukishavua, simama. Piga picha mbili tatu, moja kwa mbali ionekane ni kochi lake, nyingine karibu kabisa, tuma na bei ya nyongeza na siku ngapi zitaongezeka, subiri jibu. Akisema "endelea" hiyo ndo sahihi yake, usiifute. Akikataa mrudishie kama lilivyo na umlipishe kuvua na uchunguzi, kwa sharti kwamba hiyo tozo nayo iliandikwa mle kwenye kotesheni. Na ubao ulioutoa usiutupe, uweke kwenye mfuko akija auone kwa macho yake.

Haya, kitambaa. Hapa ndo wateja wanatuona wezi na sisi hatuwaelezi. Vitambaa vingi vya makochi vina upana wa sm 137 mpaka 140. Kikiwa cha rangi moja unakata vipande bega kwa bega, kinachobaki ni vipande vidogo. Kikiwa na maua makubwa mambo yanabadilika, kwa sababu kila mgongo wa kochi lazima uanzie mahali pamoja pa ua, la sivyo mto mmoja una ua zima na wa pili una nusu. Chukua ua linalojirudia kila sm 64. Unataka vipande vya mgongo vya urefu wa sm 70, viwili vinakaa kwa upana, kwa hiyo vipande vitatu ni mistari miwili. Kitambaa cha wazi, kisicho na maua, hiyo ni sm 140, imeisha. Cha maua, mstari wa kwanza unaishia sm 70 lakini wa pili huwezi kuuanzia hapo, unasubiri ua lirudi, na linarudi sm 128, ndo unakata mpaka sm 198. Umetumia karibu mita 2 pale ambapo ungetumia mita 1.4, na hapo sijahesabu kile unachokata mwanzoni ili ua likae katikati. Vile vya katikati utafanyia paipingi (ile kamba ya kitambaa ya kwenye mishono) au mikono kama vinatosha ila huwezi kuvitegemea.

Sasa hii hesabu ukimchorea mteja siku anachagua kitambaa, dakika tano tu kwa kalamu, hatakuja kukuuliza "mbona mita nyingi na kochi lenyewe dogo". Ukimwambia siku ya invoisi anaona unajitetea. Kochi la kawaida la watu watatu huwa linakula mita 12 mpaka 14 za kitambaa cha wazi, cha maua ongeza robo hivi ndo uwe salama, lakini usibebe hizo namba zangu kichwakichwa, pima kila kochi, makochi yamekaa tofauti sana. Ngozi ni stori nyingine kabisa maana haina upana wa roli, inauzwa kwa futi za mraba na kila ngozi ina makovu na kingo unazozikwepa.

Kwenye invoisi yenyewe mi naandika mistari michache. Kuna mafundi wanaandika kila kitu, gundi, uzi, pini, zipu, mpaka msasa, na mteja anaanza kukuminya mstari kwa mstari, "hii gundi mbona bei hivi, mi ninayo nyumbani nikuletee". Usimpe hiyo nafasi. Hivyo vidogo vyote viingize kwenye ufundi, au uvipe mstari mmoja "vifaa vidogo". Vinavyostahili mstari wake ni kitambaa, sponji na fremu, kwa sababu hivyo vinapimika na kesho vinaweza kuleta ubishi. La kwako, kama ungefuata huo utaratibu, ningeliandika hivi:

Ufundi: kochi la watu 3, kuvua kitambaa cha zamani, kukaza springi, kuvisha upya, pamoja na vifaa vidogo.
Kitambaa cha maua, upana sm 140, mita 16, pamoja na kulinganisha maua.
Sponji za kukalia, vipande 3, unene sm 10, uzito kilo 35.
Ukarabati wa fremu: ubao wa mbele chini, umekubaliwa kwa ujumbe tarehe fulani.
Jumla.
Toa advansi iliyopokelewa tarehe fulani, risiti namba fulani.
Salio, na mwisho wa kulipa.

Juu yake namba ya invoisi, tarehe, jina lako na la mteja, na namba ya kotesheni iliyozaa hiyo kazi. Advansi unaona inakaa wapi? Chini ya jumla, siyo juu. Wengi wanaitoa kwanza kimoyomoyo halafu wanaandika kilichobaki kana kwamba ndo bei ya kazi, mwezi ukiisha hata mwenyewe huelewi kochi lile uliuza ngapi. Jumla iandike nzima, kisha utoe.

Hiyo "kilo 35" kwenye sponji usiiache. Ni kilo kwa mita moja ya ujazo, na ndo inayosema sponji itadumu au la. Ya kilo 18 na ya kilo 35 ukiziweka mezani kwa macho zinafanana kabisa, zikikaliwa miezi kadhaa ndo utajua. Mteja akichagua ya bei ndogo iandike ilivyo, siku ikibonyea asije akasema umempiga.

Na kama kitambaa kaleta mwenyewe, mstari wake bado unaandika, "kitambaa cha mteja, mita 11, tozo 0". Inaonekana ujinga kuandika sifuri, ila inaonyesha umepokea mita ngapi, na kwamba kikipauka au kikiota vinyweleo siyo mzigo wako, wewe unasimamia mshono.

Masaa je? Masaa yaandike kwenye daftari lako, invoisi usiyaweke. Mteja hajali umekaa siku ngapi kung'oa pini, na ukimwandikia masaa 30 atakuambia fundi mwingine anamaliza kwa 20. Ila wewe bila hayo masaa hujui unapata au unapoteza. Mwanzoni nilikuwa naamini kuvisha ndo kunakula muda, kumbe kuvua. Kung'oa pini za zamani bila kupasua ubao hakuna haraka, na kwenye bei nilikuwa nakuhesabu kama vile ni dakika kumi.

Kitu kingine, faida ya vifaa. Umenunua kitambaa kwa 100 unakiuza 125, unajiambia una faida ya 25 kwa mia. Ukipima kwa bei ya kuuzia ni 20 tu kwa mia. Sasa mteja anakuja na "nipunguzie basi asilimia 20", unaona bado una 5 ya kwako, unakubali. Asilimia 20 ya 125 ni 25. Umemuuzia kwa 100, bei uliyonunulia, na usafiri wa kwenda kukifuata umelipa wewe. Ukitaka kupunguza, punguza kwenye ufundi na uandike wazi "punguzo", kitambaa usikiguse.

VAT kama umesajiliwa iwe na mstari wake, na kama bei uliyomtajia ilikuwa na kodi ndani yake angalia unavyoitoa. Kiwango kikiwa 20% na jumla 1,200, kodi ni 200, siyo 240. Unazidisha na 20 unagawa kwa 120. Na nchi nyingi advansi nayo inahesabika kwenye kodi siku umeipokea, usisubiri mpaka kochi liishe. Kama hujasajiliwa usimtoze mteja VAT wala usiiandike kama tozo kwenye karatasi yako, ni kosa.

Advansi iwe kiasi gani? Watu husema nusu kwa nusu. Mimi naangalia vifaa, advansi lazima ifunike kitambaa, sponji na mbao zote, hata ikizidi nusu, kwa sababu kitambaa ukishakikata hakirudi dukani na hakuna mteja mwingine mwenye kochi la vipimo vilevile. Salio linalipwa kabla kochi halijapakiwa. Likishapanda gari, ile siyo invoisi tena, ni barua ya kuomba. Na kwa wale wanaoacha kochi lao kwako miezi, andika kwenye kotesheni kwamba baada ya siku 14 tangu umjulishe kuna tozo ya kutunza.

Sasa huyu wako. Nikikuambia utapata nyongeza yote nitakuwa nakudanganya. Kitambaa chote kiko mikononi mwake na anakitumia, hapo unaweza kuongea naye, kaa chini mpimie kile kitambaa kwa mchoro kama nilivyokuonyesha. Ubao ulibadilisha bila kumuuliza, huo mi ningeuachia, au nimwombe alipie mbao tu na ufundi nimwachie. Mkishapatana, invoisi ya kwanza usiichane wala usiirudie namba yake na jumla nyingine, maana daftari likiwa na invoisi mbili za namba moja siku ya kukaguliwa utahangaika. Toa kredit noti inayofuta ile ya kwanza, kisha invoisi mpya, namba mpya, mistari imeachana vizuri, alicholipa umekitoa pale chini. Na kama ile picha ya ubao bado unayo kwenye simu mtumie leo, kabla ya invoisi mpya, siyo pamoja nayo.