Shangazi wa Uzi Anajibu: Vibuti vya Kichanga

Barua za mwezi huu karibu zote zinaulizia vibuti vya kichanga, vile viatu vidogo vya uzi. Huku kwetu Njombe Juni ikishaingia, baridi inapiga hodi alfajiri na kila nyumba yenye mjamzito inatafuta uzi, na naona hata wa mikoa ya joto hawako nyuma. Nimechagua tano. Ninayoeleza hapa ni kufuma kwa kroshia, ile sindano moja yenye ndoano, si zile mbili ndefu za sweta.

Shikamoo Shangazi. Nina mimba ya miezi sita, ya kwanza. Nimenunua uzi na kroshia sokoni, na kwa video za kwenye simu nimejifunza mnyororo na mshono mfupi, basi. Majirani wanasema nianze na vitambaa vya makochi, eti vibuti ni vya mafundi. Ni kweli? — Mama Mtarajiwa, Makambako

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Si kweli hata kidogo. Kitambaa cha kochi ni kazi ya wiki na wiki, na mstari wa kwanza ukienda upande unabaki upande mpaka mwisho. Kibuti ni kidogo, unakimaliza hamu ikiwa bado ipo, na ndani yake umejifunza kuongeza, kupunguza na kufuma kwa mzunguko. Mnyororo, yaani safu ya vitanzi vilivyoungana, na mshono mfupi, ule wa kuchomeka, kuvuta uzi, kisha kuupitisha kwenye vitanzi 2 vilivyo kwenye kroshia, vinakutosha. Kinachohitajika zaidi ni kuhesabu, na kuhesabu unajua.

Tafuta uzi wa rangi ya mwanga, uliosokotwa vizuri, wa unene wa kati, ule ambao karatasi yake inaelekeza kroshia ya milimita 4. Wenye manyoya uache kwa sasa, maana mishono hujificha humo na huwezi kuihesabu. Mweusi nao uache, macho yako usiku yatakushukuru. Donge la gramu 50 linatosha jozi nzima na linabaki.

Unaanza na soli. Fuma mnyororo wa vitanzi 10, ulegee kiasi kwamba kroshia inapita kwenye kila kitanzi bila kusukumwa. Ruka kitanzi kilicho karibu kabisa na ndoano. Cha pili yake kiwekee mshono mfupi 1, endelea mmoja mmoja kwenye vitanzi 7 vinavyofuata, halafu kile cha mwisho kiwekee mishono 3 mahali pamoja. Hapo kazi itageuka yenyewe mkononi, na utajikuta unarudi kwa upande wa chini wa mnyororo ule ule. Weka mishono 7, kisha 2 kwenye kitanzi kile ulichoanzia. Hesabu. Iwe 20. Isipokuwa 20, fumua papo hapo, usiseme utarekebisha mbele.

Sasa chukua kipande cha uzi wa rangi nyingine, ukichomeke kwenye mshono wa kwanza wa mzunguko, na kila mzunguko mpya ukihamishe. Hatufungi mzunguko, tunaendelea kuzunguka tu, kwa hiyo bila alama hiyo hutajua ulianzia wapi.

Mzunguko wa 2: mishono 2 kwenye ule wa kwanza, 7 ya kawaida, miwili miwili kwenye 3 inayofuata, na hiyo ndiyo ncha ya vidole, 7 ya kawaida, miwili miwili kwenye 2 ya mwisho, ambayo ni kisigino. Jumla 26.

Mzunguko wa 3: mmoja wa kawaida na unaofuata wa kuongeza, yaani miwili mahali pamoja, 7 ya kawaida, kwenye vidole mmoja wa kawaida na mmoja wa kuongeza, mara 3, 7 ya kawaida, kwenye kisigino mmoja wa kawaida na mmoja wa kuongeza, mara 2. Jumla 32. Soli imekwisha. Ilaze mezani uipime kwa rula kutoka kisigino hadi vidole. Kati ya sentimita 8 na nusu na 9 na nusu inamfaa mtoto tangu anazaliwa hadi kama miezi 3. Ikipungua, rudia kwa kroshia nene kidogo. Ikizidi, kwa nyembamba zaidi.

Mzunguko wa 4 ndio ninaoupenda kuliko yote. Tazama mshono wowote kwa juu: kuna nyuzi 2 zilizolala zikifanya umbo la V. Siku zote unachomeka kroshia chini ya zote mbili. Safari hii chomeka kwenye ule wa nyuma peke yake, mishono yote 32, bila kuongeza wala kupunguza. Ukuta utasimama wenyewe, na pembeni ya soli utajichora mstari safi kama wa kiatu cha dukani. Kisha piga mizunguko 2 ya kawaida, 32 kila mmoja.

Mzunguko wa 7 tunafunika vidole. Fuma 9, halafu upunguze mara 6, halafu 11. Kupunguza ni hivi: chomeka mshono wa kwanza, vuta uzi, usiumalize, chomeka wa pili, vuta uzi, sasa una vitanzi 3 kwenye kroshia, vuta uzi upite vyote 3 kwa pamoja. Miwili imekuwa mmoja. Jumla 26. Mzunguko wa 8: fuma 8, punguza mara 4, fuma 10. Jumla 22. Kazi ya kuzunguka bila kufunga husogea kidogo upande, kwa hiyo kabla ya kupunguza kikunje kibuti katikati, uone kama kupunguza kwako kunaangukia juu ya vidole. Kumesogea mshono mmoja au miwili? Anza mapema au chelewa kwa kiasi hicho hicho, ilimradi hesabu itimie.

Iliyobaki ni shingo, 22 kuzunguka. Video nyingi zinaishia mizunguko 2 au 3, na huko walikorekodi mtoto amelala kwenye kigari. Wako utambeba mgongoni. Akiwa kwenye mbeleko miguu yake inachungulia huku na huku, inasuguana na mbavu zako kila unapotembea, na kibuti chenye shingo fupi utakiacha njiani usijue. Piga mizunguko 6 au 7, ipande juu ya kifundo. Ukitaka kamba, fuma mnyororo mwembamba, uupitishe kwenye mzunguko wa kwanza wa shingo, na fundo likae mbele. Likikaa pembeni litambana mtoto ukishamfunga.

Na tahadhari moja juu ya maelezo ya mtandaoni. Ya Kimarekani huandika mshono mfupi kwa herufi sc. Ya Kiingereza cha Uingereza huuandika dc, na hiyo hiyo dc kwa Wamarekani ni mshono mwingine, mrefu. Angalia kwanza aliyeandika anatoka wapi, la sivyo utafuma buti la baba yake.

Shangazi, shikamoo. Soli yangu haikai chini, inainuka pembeni pote. Nikirudia inafanya vile vile. Halafu nikifanikiwa, kibuti cha pili kinakuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Nimechoka. — Dada wa Ipogolo, Iringa

Marahaba dada. Soli ikiinuka kingo, mishono ya kuongeza imepungua, na karibu kila mara iliyopotea ni ile miwili ya mwisho kwenye kisigino, kwa sababu mtu anaona alama imekaribia anadhani amemaliza. Hesabu 20, 26, 32. Kama hesabu ni sawa na bado inainuka, basi mkono wako unabana. Usibadilishe mkono, badilisha kroshia, nenda ya milimita 4.5. Ikitokea kinyume chake, soli ikaanza kufanya mawimbi, umeongeza kupita kiasi, au umechomeka mara mbili mahali pasipotakiwa.

Kuhusu vibuti visivyolingana: mkono wa mtu hubadilika. Siku ya uchovu unabana, siku ya furaha unalegeza, na ukifuma kimoja leo na cha pili wiki ijayo vitatofautiana tu. Fuma soli zote 2 kikao kimoja, uzilaze moja juu ya nyingine uone zinafunikana, ndipo upandishe kuta. Na idadi ya mizunguko ya shingo iandike kwenye karatasi. Usiitegemee kumbukumbu, hasa ukiwa mjamzito.

Mimi niko Dar, Temeke. Joto lote hili, mtoto anahitaji kweli vibuti? Na kama anahitaji, uzi gani? Dukani wananipa kila kitu kwa jina moja, "uzi wa sweta". — Mama Kijacho

Mikono na miguu ya kichanga mara nyingi huwa ya baridi kidogo hata akiwa hana baridi yoyote, na ndicho kinachowatisha mabibi. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na joto zuri, ametosheka. Pakiwa na jasho, mvue. Kwa Dar, jozi moja ya alfajiri za Julai, ya kliniki yenye feni na ya basi la mkoani inatosha. Nyingine utaifuma kwa raha yako tu, na hiyo nayo ni sababu nzuri.

Uzi wako ni wa pamba. Haupashi moto, unafyonza jasho, unafuliwa na nguo nyingine. Ubaya wake hauvutiki, kwa hiyo ukiona shingo inasita kupita kisigino, ifume kwa kroshia kubwa kidogo. Ule wa rahisi uliojaa madukani mara nyingi ni wa kiwandani, akriliki. Ni laini, una rangi nzuri, hauchuji, na kwa anayejifunza hauna taabu. Ila kwenye moto huyeyuka na kunata, ndiyo maana wa nyanda za juu nawasihi kila mwaka: msianike vibuti juu ya jiko la mkaa, na mtoto aliyevaa akriliki asisogezwe jikoni. Sufu ya kondoo yenyewe ina joto kuliko zote, ila nyingine inawasha. Iweke shavuni kwa muda kidogo kabla ya kulipa. Ikikuwasha wewe, kichanga atalia.

Dukani usiulize jina, omba kuona karatasi inayozunguka donge. Imeandikwa uzi wa nini, gramu ngapi na kroshia ya kiasi gani. Likiwa halina karatasi na muuzaji hajui, nenda duka la pili.

Shangazi, natumia mkono wa kushoto. Kila anayenifundisha anakata tamaa. — Wa Mwanjelwa, Mbeya

Asikae ubavuni pako, akae mbele yako mkitazamana, nawe umfuatishe kana kwamba unajiona kwenye kioo. Hesabu zangu za hapo juu hazibadiliki hata moja. Tofauti ni kwamba kazi yako itazunguka kufuata mshale wa saa, ya wenzio inakwenda kinyume. Na video, simu nyingi zina programu ya kuigeuza picha, kulia kuwe kushoto. Huna kasoro yoyote, mwanangu. Umekosa kukalishwa vizuri tu.

Mwanangu, mimi ni bibi wa miaka mingi, Songea. Mjukuu wa kwanza anakuja. Nimefuma vibuti, nimevipamba kwa shanga na utepe mrefu wa satini. Binti yangu anasema hatamvalisha. Nimeumia. Mwambie. — Bibi wa Songea

Shikamoo mama. Pole, najua kazi ya kushonea shanga moja moja. Lakini niruhusu nisimame na binti yako. Shanga na vifungo vikilegea huishia mdomoni mwa mtoto na vinaweza kumkaba. Utepe mrefu unaweza kuzunguka kifundo au shingo akiwa amelala. Ng'oa shanga uzishonee kwenye kofia yako mwenyewe ya kanisani, na mahali pake tarizi ua kwa uzi wenyewe, kwa sindano ya kushonea. Utepe badala yake weka mnyororo mfupi, unaotosha fundo moja na ncha za kushikika.

Kubwa zaidi ni ndani, na hili nawaambia wote waliouliza leo. Kipindue kibuti nje-ndani. Pitisha kidole chako kidogo taratibu mpaka kwenye vidole. Uzi wowote unaoning'inia humo, hata mwembamba kama unywele, unaweza kuzunguka kidole cha mtoto na kukikaza mpaka damu isipite, naye hana la kufanya ila kulia. Ncha za uzi unazokata mwishoni zibakize urefu wa kiganja, kisha kwa sindano butu zifiche kati ya mishono, uende mbele, urudi nyuma, ndipo ukate. Mkague kila anapovalishwa, siyo siku ya kwanza tu. Na vifuliwe kwa sabuni laini kabla ya kuvaliwa, vianikwe vimelazwa kivulini visivutike.

Wengine mmeuliza pia mtoto atavivaa mpaka lini. Hivi vya mnyororo wa 10 vitambana akifikisha kama miezi 3. Wakati huo anza na mnyororo wa 12. Pande za soli zitakuwa na mishono 9 badala ya 7, na hesabu zako zitakuwa 24, 30, 36. Kwenye kufunika vidole fuma 11, punguza mara 6, fuma 13; mzunguko unaofuata 10, punguza mara 4, fuma 12; shingo itabaki na 26. Siku atakayoshika kiti ajaribu kusimama, mvulie, asimame peku. Uzi unateleza kwenye saruji.