Gunia lako la mahindi limekugharimu shilingi ngapi?

Mkulima akiulizwa msimu ulikwendaje, hujibu kwa magunia: "Nimetoa 15 kwa ekari." Sawa, lakini gunia moja limekula shilingi ngapi mpaka likafika stoo?

Tuchukue ekari moja ya mfano (weka bei za kwenu). Kukodi shamba 60,000, trekta 60,000, mbegu kilo 10 kwa 80,000, mfuko wa mbolea ya DAP 90,000, wa urea 75,000, dawa ya viwavijeshi 30,000, vibarua wa palizi 60,000. Kuvuna, kupukuchua, mifuko na usafiri 90,000. Jumla 545,000. Magunia 15 kwa 60,000 ni 900,000, na wengi hufunga daftari hapo wakijihesabia faida ya 355,000.

Bado. Wewe na mwenzio mmepiga jembe jumla ya siku 25. Kibarua hulipwa 6,000, basi ongeza 150,000. Gharama ni 695,000, gunia limesimama kwenye 46,300 hivi, na faida ni 205,000. Dalali akija na 45,000 unajua la kumjibu. Kisha gawa ile 355,000 kwa siku 25: kila siku imekulipa 14,200. Ikishuka chini ya 6,000, heri ukalime kwa jirani. Shamba likiwa lako, bado andika kodi ambayo ungelipwa kama ungelikodisha.

Hesabu huharibikia kwenye mizani. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi 13.5, hubaki kilo 92 na nusu. Kwa magunia 15 umepoteza zaidi ya gunia zima. Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ndiyo usiseme! Andika kilo, si magunia. Mahindi mliyokula nyumbani nayo yaingie, kwa bei ya soko ya siku hiyo.

Je, mfuko wa pili wa urea unalipa? Kwa 75,000, lazima ulete gunia moja na robo zaidi. Pima vipande viwili vya mita 10 kwa 10, kimoja kikipata kipimo cha mifuko miwili kwa ekari, kingine cha mmoja. Kila kipande ni kama sehemu ya 40 ya ekari. Vuna kila kimoja peke yake, kausha, pukuchua, pima. Tofauti isipozidi kilo 3, mfuko huo umekula hela yako, hata kabla hujamlipa mvunaji.