Maswali na Majibu: Vihatarishi vya Ugonjwa wa Mishipa ya Moyo

Je, ni kweli kwamba ugonjwa huu ni wa wanaume?

Si kweli, na dhana hiyo imewaponza wanawake wengi. Utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba wanawake hupata mshtuko wa kwanza wa moyo wakiwa na umri unaowazidi wanaume kwa takriban miaka 9. Hata hivyo, vihatarishi vikuu ni vilevile kwa wote: sigara, shinikizo la juu la damu, kisukari, mafuta mabaya katika damu, kitambi, msongo wa mawazo, kutofanya mazoezi na ulaji usio na mboga na matunda ya kutosha. Kisukari, kwa bahati mbaya, humwongezea mwanamke hatari kwa kiasi kikubwa kuliko kinavyomwongezea mwanamume.

Nilipata kifafa cha mimba, lakini shinikizo lilishuka baada ya kujifungua. Je, yamekwisha?

Hayajakwisha, na ninasikitika kwamba wengi huruhusiwa kwenda nyumbani bila kuelezwa jambo hili. Shinikizo la damu la ujauzito lililoambatana na protini katika mkojo, ambalo ndilo hutangulia kifafa cha mimba, huongeza takriban maradufu uwezekano wa kuugua moyo miaka ya baadaye; kisukari cha ujauzito na kukoma hedhi kabla ya miaka 40 navyo huongeza hatari. Kwa hiyo, daktari anapokuuliza historia yako, mtajie ujauzito ule hata kama mtoto ameshakuwa mtu mzima, kwa sababu kumbukumbu za kliniki ya wajawazito mara nyingi hazimfikii anayekupima moyo. Pima shinikizo la damu, sukari na lehemu (aina ya mafuta katika damu) mara kwa mara, hata ukijiona mzima.

Baba yangu alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 52. Je, nami nitaupata?

Si lazima. Historia ya familia huhesabiwa kuwa kihatarishi pale baba au kaka alipougua kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65. Nawe basi anza vipimo mapema, usingoje maumivu ya kifua, kwani mafuta hujijenga katika kuta za ateri (mishipa inayopeleka damu) kwa miaka mingi bila dalili yoyote.

Navuta sigara mbili tu kwa siku. Zina madhara?

Zina madhara, kwani hata sigara moja kwa siku huongeza hatari waziwazi. Ukiacha kabisa, hatari ya ziada hupungua kwa takriban nusu ndani ya mwaka mmoja.